Mtetemo wa mwili unavyofichua hali ya moyo

MVUVI arukapo nchi kavu kutoka mtumbwini katika ufuo wa Dunga, Kisumu, chombo chake husukumwa kinyume, kikarudi majini. Ndivyo ufanyavyo mwili wa mwanadamu kila moyo upigapo. Damu inaporushwa kuelekea juu katika mshipa mkuu, mwili nao husukumwa chini kidogo mno, kiasi kwamba mwenyewe hahisi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1877, J. W. Gordon alieleza jinsi mshale wa mizani unavyochezacheza kwa kufuata mapigo ya moyo wa mtu aliyesimama juu yake. Mwaka 1939, daktari Isaac Starr wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, alichapisha utafiti alioufanya kwa meza iliyoning'inizwa, ambayo ilinakili mtikisiko wa mgonjwa aliyelala juu yake.

Tofauti yake na kipimo cha umeme wa moyo ni kubwa. Umeme huonyesha amri inayotolewa kwa msuli wa moyo. Mtetemo huonyesha kazi iliyofanyika: nguvu ya msukumo, pamoja na wakati wa kufunguka na kufungika kwa vali. Siku hizi watafiti huweza kuunakili kwa kihisi kidogo kinachowekwa kifuani, hata kile kilichomo ndani ya simu ya mkononi.

Kwa wakazi wa pwani ya Ziwa Victoria, urahisi huo si jambo dogo. Mtoto wa kisiwa cha Mfangano sharti avuke maji hadi Mbita kabla ya kuanza safari ya barabara kwenda hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wengi huiita Russia.

Na kuchelewa kuna gharama. Maambukizi ya koo yasiyotibiwa yaweza kuzaa homa ya baridi yabisi, nayo ikaharibu vali za moyo kimyakimya. Utafiti uliofanywa Gulu, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2021, ulihusisha watoto na vijana 818 waliokuwa na dalili za mwanzo za ugonjwa huo. Baada ya miaka miwili, hali ilizidi kuwa mbaya kwa asilimia 0.8 tu ya waliodungwa penisilini kila wiki nne, ikilinganishwa na asilimia 8.2 ya wale ambao hawakudungwa.

Hata hivyo, watoto hao walitambuliwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, wala si kwa mtetemo. Kupumua, kuongea au kujigeuza huvuruga vipimo vya mtetemo, na bado havijaweza kushika nafasi ya mashine hiyo.

Kwa sasa, basi, mzazi asisubiri simu impimie mwana. Koo linapouma pamoja na homa, au viungo vinapovimba kimoja baada ya kingine, mtoto apelekwe zahanati iliyo karibu, na dawa atakazopewa azimalize.