Lindos: Bandari Inayomkumbuka Mtume Paulo
Lindos ni mji wa kale kando ya bahari, katika kisiwa cha Rhodes nchini Ugiriki, ambacho Biblia yetu hukiita Rodo. Tukifika, tunaona juu ya mwamba magofu ya hekalu la Athena. Chini yake kuna ghuba ndogo yenye jina la Mtume Paulo, na kikanisa cheupe. Mapokeo ya wenyeji husema alishukia hapo. Maandiko yanataja Rodo tu, alipokuwa safarini kwenda Yerusalemu (Mdo 21:1). Tutofautishe hayo mawili, bila kudharau mapokeo. Lililo hakika latosha: Paulo alijua vifungo vinamngoja, akaendelea na safari. Nasi tusali hapo kabla ya kupiga picha.