Muvi za Kisangani: Bogart Angoje Kiasi
Ka we ni msee wa muvi za kitambo, lazima umeskia "The African Queen" ya 1951. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wako ndani ya kiboti kimechoka, wanateremka mto. Stori inasema hapo ni Afrika Mashariki ya Wajerumani, 1914, yaani Bongo. Lakini mob ya ule msitu ni wa Congo, Mto Ruiki, kusini ya Kisangani, enzi mji ukiitwa Stanleyville na Mbelgiji ndio bazu. Sasa cheki wenyeji walivyotumika: mwanzo wanaimba nyimbo za misheni wakizikoroga, Wajerumani wanakuja, wanachoma makeja na kubeba watu, kwisha. Kutoka hapo ni walami wawili wakikatiana hadi mwisho. Bogart akaomoka na Oscar.

1959 ikatoka "The Nun's Story". Huyu ni Hepburn mwingine, Audrey (hawana undugu), na Stanleyville ikapigwa picha tena. Mbelgiji alikuwa amebakisha mwaka mmoja tu arudi kwao, lakini swali lenye linasumbua muvi ni ka sista ataacha utawa.

Sasa shika hii. Dieudo Hamadi ni mtoi wa Kisangani, amezaliwa 1984. Mwaka 2020 akaachilia "En route pour le milliard". Iko hivi: Juni 2000, jeshi la Rwanda na la Uganda walipigania huo mji siku sita. Mji si wao, almasi si zao, na makombora zaidi ya 6,000 yakaangukia mitaa ya watu. Wenye walibaki bila mguu ama mkono wakadai fidia miaka na mikaka, serikali ikawalenga. Basi wakapanda boti, wakashuka Mto Congo hadi Kinshasa kudai chapaa yao.

Maze, hiyo safari! Mvua inawanyeshea, turubai haitoshi, magongo na miguu ya bandia vimejazana katikati ya mizigo, na wasee wanagombana ka familia yoyote. Huo ni mto wenye Ruiki ya Bogart inamwaga maji yake, sema sai wenye mji ndio wanabonga. Hakuna mtu anataka umwonee huruma. Wanadai deni. Mpaka kwa jukwaa wanaigiza yaliyowapata, wao wenyewe. Kufika bunge, waheshi hawana taimu yao.

Hiyo muvi iliingia uteuzi rasmi wa Cannes, ya kwanza kutoka Congo. Na ile vita? 2022 korti ya The Hague ikaamuru Uganda ilipe Congo fidia ya dola mita 325, mita 65 kila mwaka kwa miaka mitano. Na Rwanda? Korti hiyo hiyo ilishasema 2006 haina mamlaka ya kuihukumu.

Ka bando yako inatosha muvi moja tu wikendi hii, anza na ya Hamadi.