Deksa, Moyo na Gunia la Mchele wa Kyela

Jamani, deksa mtaani imekuwa kama pipi. Mwili ukiuma, deksa. Mguu ukivimba, deksa. Sasa je, kifua kikibana?

Deksa, yaani deksamethasoni, ni steroidi, dawa inayotuliza uvimbe. Ili kuelewa inavyohusiana na moyo ulioumia, fikiria gunia la mchele sokoni Kyela. Likichanika, mchele unamwagika, nawe ukiangalia uliomwagika unakadiria ukubwa wa tundu. Seli ya msuli wa moyo ni hivyohivyo: ikikosa damu inakufa, utando wake unachanika, na vimeng'enya vinavujia kwenye damu. Kimojawapo ni kreatini kinasi, ambacho maabara hukiandika CK. Siku hizi hospitali hutegemea zaidi troponini, ambayo ni protini tu, si kimeng'enya, ila hoja ni ileile.

Ndani ya seli mna pia vifuko vidogo, lisosomu, vilivyoelezwa na Christian de Duve mwaka 1955. Vimejaa vimeng'enya vya kusaga taka. Vikipasuka, vinaweza kuila seli yenyewe. Kwenye maabara steroidi zilionekana kuimarisha utando wa vifuko hivyo, basi madaktari wakatumaini zingeokoa msuli wa moyo.

Mwaka 1976, Roberts na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa waliorudiwa dozi kubwa za methilipredinisoloni. CK iliendelea kuvuja kwa muda mrefu zaidi, eneo lililokufa likazidi makadirio, na mapigo yakavurugika. Tafiti nyingine hazikuona madhara hayo, lakini steroidi haikuwahi kuwa tiba ya kawaida ya shambulio la moyo. Uvimbe nao una kazi: chembe za ulinzi huondoa msuli uliokufa ili kovu imara lijengwe. Ukizizima mapema, kovu linaweza kuchelewa na kuwa jembamba.

Kwa hiyo ukiwa likizo nyumbani, mzee akibanwa kifua, maumivu yakaenda mkononi au tayani huku jasho likimtoka, msianzie duka la dawa. Matema kuna hospitali, Kyela mjini kuna ya wilaya. Deksa haizibui mshipa, na kila saa inayopita gunia linazidi kumwagika.

Ila anayetumia steroidi kwa agizo la daktari asiache ghafla, hupunguzwa taratibu.