Vyuma Ulivyokwisha Kuvilipia

Kwenye ankara yangu ya muhula wa kwanza palikuwa na mstari ulioandikwa ada ya michezo na burudani. Ufadhili ulibeba masomo. Mstari ule, na wenzake wa afya na usafiri, nikaachiwa mwenyewe. Nilinung'unika sana. Mimi ni mwalimu wa sekondari, mtu wa Lufingo kule Tukuyu, Tanzania, nimekuja Minnesota kusomea udongo, sasa burudani ya nini? Mwenzangu mmoja kutoka Nepal ndiye aliyenizindua: pesa hiyo hairudi, uingie jimu usiingie. Nikaingia.

Ndivyo vinavyofanya vyuo vingi vya umma huku Marekani. Kila mwanafunzi anatozwa, mgeni na mwenyeji, na kitambulisho cha chuo ndicho kinachofungua mlango. Uingereza, kwa kawaida, uanachama wa jimu unaununua kando ukitaka. Kwa hiyo anayejiandaa kusafiri aisome barua ya ufadhili polepole: kusamehewa karo si kusamehewa ada zote.

Nyumbani ukitaja jimu ya chuo cha Marekani, watu wanamfikiria Hasheem Thabeet, aliyecheza kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009. Wazee wanamkumbuka Suleiman Nyambui, aliyekuwa mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso na kutwaa medali ya fedha ya mita 5,000 kule Moscow mwaka 1980. Lakini wanamichezo wa namna hiyo mara nyingi wana majengo yao, makocha wao na matabibu wao. Jimu ninayoisema mimi ni ya akina sisi. Utamkuta profesa mwenye kitambi, msichana anayesoma kitabu huku akikanyaga baiskeli isiyokwenda popote, na vijana watatu wanaopeana zamu kwenye kioo zaidi kuliko kwenye vyuma.

Na mwili unaihitaji, nakwambia. Lufingo huendi kokote bila kupanda au kushuka, na mvua ya kwetu Rungwe inakufuata hukohuko. Hapa ardhi ni tambarare, basi linakuokota mlangoni, na kwenye bwalo la chakula unarudia sahani hadi uchoke wewe. Januari ikija, nyuzi joto 20 chini ya sifuri si habari ya ajabu, na jua linazama kabla hujamaliza kazi za mchana. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na ya kukaza misuli angalau siku 2. Kijijini nilikuwa nazimaliza bila kuzihesabu. Shangazi aliposikia nanyanyua vyuma alicheka mpaka simu ikakwaruza: "Wee mwanangu, mkungu wa ndizi ulikuwa unaukwepa, leo unalipia mzigo usiofika hata sokoni?" Nikamjibu kwamba Minnesota ingekuwa na migomba ningeubeba.

Mgeni aanze na namba, kwani vipimo vya huku si vyetu. Vyuma vingi vimeandikwa kwa pauni. Ile nondo ndefu, hata kabla hujaivisha kitu, ina pauni 45, yaani kama kilo 20, na sahani kubwa zaidi kwa kawaida nazo zina pauni 45 kila moja. Kwenye mashine ya kukimbilia, 6 unayoiona ni maili kwa saa, karibu kilomita 10. Anayedhani anatembea atajikuta anakimbizwa.

Adabu zake hazibandikwi zote ukutani. Ukimaliza unafuta jasho lako kwenye mashine kwa dawa na karatasi zilizowekwa hapo, na vyuma unavirudisha mahali pake. Kukaa juu ya mashine ukichati ni ukosefu mkubwa wa heshima kuliko kumpita mtu bila salamu. Salamu, kwa kweli, hawaidai, wengi wameziba masikio kwa muziki. Ila ukihitaji mtu wa kukusimamia chuma kisikuangukie kifuani, mwombe yeyote. Mara chache utanyimwa. Nimepata marafiki wengi kwa ombi hilo kuliko darasani, ambako kila mtu hukimbilia mlangoni kipindi kikiisha.

Chumba cha kubadilishia nguo ni habari nyingine. Nenda na kandambili na kufuli lako, na ujue wapo watakaovua kila kitu mbele yako huku wakiulizia mtihani. Mimi huvaa chumbani kwangu na kuoga hukohuko, na hakuna aliyenishangaa. Wasomali wengi wanaishi Minnesota, na wanafunzi wenye hijabu wanafanya mazoezi bila kugeukiwa shingo. Sehemu nyingine suala hili la stara limeleta mjadala: mwaka 2008 Harvard ilitenga saa 6 kwa wiki katika jimu yake moja ziwe za wanawake peke yao, baada ya wanafunzi wa Kiislamu kuomba, na kelele zikavuma hadi nje ya chuo. Kwa maoni yangu saa 6 ni chache mno kupigiwa kelele.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema ni ajira. Mwenye viza ya masomo ya F-1 haruhusiwi kufanya kazi popote anapotaka. Kazi anayoweza kuanza nayo ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Jimu hufunguliwa alfajiri na kufungwa usiku, kwa hiyo inahitaji mikono mingi: ya kukagua vitambulisho, kufuta mashine, kugawa taulo. Usingoje theluji. Nafasi hujaa mwanzoni mwa muhula, wenyeji nao wanazitaka.

Mimi nimepata zamu za jioni. Taulo zinakunjwa mara tatu, ukingo ndani, na anayekagua mikunjo yangu ni msimamizi wa miaka 19, rika la wanafunzi niliowafundisha Tukuyu. Ananiita kwa jina langu la kwanza, bila mwalimu wala dada mbele yake, na akikuta ukingo uko nje ananirudishia rundo zima.