Kuiandaa Kompyuta Kabla ya Kuhamia Windows 11



Tunaulizwa mara kwa mara: kompyuta yangu ina Windows 10, je, niibadilishe? Jibu letu ni ndiyo, lakini kwanza iandaliwe.

Windows 10 ilitoka Julai 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida ya marekebisho ya usalama. Kompyuta hazikuzimika siku ile. Zinawaka na kuchapa kama zamani. Tatizo ni kwamba wezi wa mtandao wakigundua tundu jipya, halizibwi tena. Hapa Kariakoo, ambako flashi moja huzunguka kutoka duka la steshenari hadi ofisi ya madrasa na kurudi nyumbani, hilo si jambo dogo.

Kazi kubwa kuliko zote ni kunakili mafaili. Majina ya wanafunzi, matokeo ya mitihani, hesabu za ada, visomo vilivyorekodiwa: hizo ni amana za watu. Nakala moja haitoshi ikiwa inakaa kwenye droo ya meza ileile. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliposhika moto, moto haukuchagua kati ya bidhaa na daftari la mauzo. Basi nakala ya pili ikae nyumba nyingine kabisa. Tena ifungueni kwenye kompyuta nyingine mhakikishe inasomeka, maana baadhi ya flashi za bei chee huandikwa ukubwa zisiokuwa nao.

Kisha ikagueni mashine. Windows 11 inataka RAM ya GB 4 au zaidi, diski ya GB 64 au zaidi, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM, toleo 2.0. Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, andikeni tpm.msc, mtaona kama kipo. Wakati mwingine kipo ila kimezimwa. Fundi akiangalie kabla hamjanunua kompyuta nyingine. Kwa Intel, prosesa zinazokubaliwa kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha nane, kilichoanza kutoka 2017. Hapo ndipo kompyuta nyingi za mtumba hukwama. Fundi akisema ataingiza kwa nguvu, mkataeni: Microsoft haitoi dhamana ya marekebisho kwa mashine isiyotimiza masharti. Afadhali Ubuntu, ambayo ni ya bure na hujaribiwa kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu.

Mashine ikifaulu, na Windows 10 yake ni halali, kuhamia hakulipiwi. Mnachomlipa fundi ni kazi yake tu. Kinachopakuliwa ni GB kadhaa, hivyo bando liwe la kutosha. Laptopu ichomekwe ikiwa imejaa chaji. Ya mezani iwe na UPS, kwani umeme ukikatika katikati mtajuta. Baada ya hapo mna siku 10 za kuweza kurudi Windows 10, kwa hiyo printa, fonti za Kiarabu na programu za zamani zijaribiwe zote wiki hiyo ya kwanza.