Mtoto Akirudishwa Kutoka Chuo Kikuu

Mama mmoja alimleta kijana wake hospitalini akisema ana malaria. Kijana hakuwa na homa, na kipimo cha damu hakikuonyesha vijidudu. Lakini alikuwa amekonda, halali usiku, wala hamtazami mtu usoni. Mama alipotoka kwenda kulipia kadi, kijana akaniambia kwa sauti ndogo: "Sista, nimedisko."

Nyumbani walidhani yuko likizo. Kwa miezi miwili alikuwa ameibeba siri hiyo peke yake.

Kudisko ni nini? Katika vyuo vikuu vya Tanzania, alama za masomo hutolewa wastani ambao kilele chake ni 5.0, na digrii hupatikana kuanzia 2.0. Aliyeshindwa masomo machache hupewa mtihani wa marudio, ambao vijana huuita "sapu". Hilo ni onyo, si hukumu. Aliyeshuka mno huondolewa chuoni, na huko ndiko kudisko. Kama alikuwa na mkopo wa serikali, fedha husimama lakini deni hubaki.

Mama alipojua ukweli alilia, kisha akaniomba niandike cheti kwamba mwanawe alilazwa kwetu wakati wa mitihani. Nilimhurumia, lakini nilikataa. Chuo kikiuliza, daftari letu halina jina lake. Cheti cha uongo kingemharibia kijana jina, nami kazi.

Nikamwuliza kijana, "Je, uliumwa kweli?" Akajibu ndiyo. Alitibiwa homa kali katika kituo cha afya karibu na chuo, akaingia kwenye mtihani akitetemeka bila kumwambia mwalimu yeyote. Kadi ilikuwa bado ndani ya begi, ina tarehe na mhuri. Aliambatanisha nakala yake na barua ya rufani. Hakuongezewa alama, ila aliruhusiwa kurudia mwaka.

Basi tukumbuke mambo haya:

1. Mgonjwa asiingie kwenye mtihani kwa ushujaa. Aende kutibiwa, kisha aombe kwa maandishi kuahirisha mtihani kabla haujafanyika. Baada ya matokeo, ni vigumu kueleweka.

2. Atunze kadi na vyeti vyote vya matibabu.

3. Rufani ina siku zake za mwisho, kwa hiyo asome mapema kanuni za chuo chake. Aandike mwenyewe, kwa ufupi na kwa ukweli: aliumwa lini, ushahidi ni upi, au alama zipi anadhani zilijumlishwa vibaya. Kulalamika tu kwamba familia imetumia fedha nyingi hakutoshi.

4. Wazazi, mtoto akijifungia chumbani, akiacha kula, kulala au kuongea na wenzake, msikimbilie kununua dawa ya malaria dukani. Huzuni nzito nayo ni ugonjwa, na ina matibabu. Akisema hana haja ya kuishi, asiachwe peke yake hata kidogo. Mleteni hospitali siku hiyo hiyo.

Yule kijana aliniambia kwamba hakuogopa chuo kama alivyomwogopa baba yake. Baba alipokuja kumchukua, alikaa naye kwenye benchi nje ya wodi, akamwuliza kama amekula. Siku hiyo ndipo kijana alipolala usingizi kwa mara ya kwanza.