Katanga: majina yaliyo kwenye picha za zamani, na yale yaliyoachwa nje

LUBUMBASHI – Tangu mwaka wa 2021, maneno mawili yanarudi tena na tena katika siasa ya Kongo: baba na mama. Mswada wa sheria uliobuniwa na Noël Tshiani ulitaka kiti cha urais na vyeo vingine vikubwa vya nchi viachiwe Wakongomani waliozaliwa na baba Mkongomani na mama Mkongomani. Wengi waliona mara moja kwamba unamlenga Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, ambaye baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi aliyetoka kisiwa cha Rhodes. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023, Mahakama ya Katiba ilikataa ombi la kumwondoa kwenye orodha ya wagombea, naye akagombea.

Kesi iliisha, lakini swali lilibaki mitaani. Mtoto wa Katanga ni nani? Kulijibu si rahisi, kwa sababu Katanga ni jimbo lililojengwa na watu waliotoka mbali, weupe kwa weusi. Baadhi yao wana picha kwenye vitabu na majina kwenye ramani za zamani. Wengine hawana hata kaburi linalojulikana. Tukitaka kuzungumza juu ya jamaa kubwa za jimbo hili, inafaa tuwaweke wote mezani.

Kabla ya wazungu

Vitabu vya kikoloni viliwaita wazungu wa kwanza watangulizi, kama vile walikuta nchi tupu. Katanga haikuwa tupu. Mafundi walioitwa wala mukuba walikuwa wakichimba na kuyeyusha shaba muda mrefu kabla ya kampuni yoyote kuja, na misalaba yao ya shaba ilisafiri mbali kama mali ya biashara.

Hata mfalme aliyejulikana zaidi wakati huo alikuwa mgeni. Msiri, ambaye jina lake la ukoo ni Mwenda, alitoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Alikuja kwa njia ya biashara katikati ya karne ya 19, akabaki, akaoa katika jamaa za wenyeji, na akajenga ufalme wa Garenganze na makao yake makuu Bunkeya. Watu wake ndio Wayeke. Pamoja na pembe na shaba, misafara ya wafanyabiashara ilileta pia Kiswahili.

Wamisionari walimfikia kabla ya askari. Frederick Stanley Arnot, Mskoti, aliingia Bunkeya mwaka wa 1886. Miaka mitano baadaye ikafika misheni ya Stairs, iliyotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II. Tarehe 20 Desemba 1891, kapiteni Omer Bodson alimpiga Msiri risasi na kumuua, na yeye mwenyewe akauawa papo hapo.

Ukoo haukuishia hapo. Wazao wa Msiri walibaki na uchifu wa Bunkeya. Mmoja wao, Godefroid Munongo, akawa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga kuanzia mwaka wa 1960. Alifariki Kinshasa mwaka wa 1992, wakati wa Mkutano Mkuu wa Taifa. Leo hakuna anayewauliza Wayeke kama ni Wakatanga, ingawa babu yao alikuja kwa miguu kutoka mashariki.

Watu wa shaba na reli

Mwaka wa 1899 Robert Williams, mfanyabiashara Mskoti mwenye kampuni ya Tanganyika Concessions, alimtuma Mwingereza George Grey kutafuta madini. Jamaa ya Grey ilikuwa kubwa huko kwao: kaka yake, Edward Grey, alikuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Lakini machimbo ambayo watu wa Grey waliyaandika kwenye ramani yalikuwa mara nyingi mashimo ya zamani ya wenyeji. Grey mwenyewe aliuawa na simba Kenya mwaka wa 1911.

Oktoba 1906 ikazaliwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, mama wa Gécamines ya leo. Mwaka wa 1910 mji wa Elisabethville ulianzishwa chini ya Emile Wangermée, afisa wa jeshi la Ubelgiji, na Septemba ya mwaka huo treni ya kwanza ikafika kutoka kusini. Mwaka wa 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Madini yalitoka mgodi wa Kalukuluku, ambao wazungu waliuita Étoile.

Katika mwaka huohuo wa 1910 alifika Jean-Félix de Hemptinne, mtawa wa Kibenediktini kutoka jamaa tajiri ya Gand. Aliongoza Kanisa Katoliki la Katanga hadi kifo chake mwaka wa 1958. Kwa miaka hiyo karibu 50, serikali, kampuni na misheni vilitembea bega kwa bega: kampuni ilitoa kazi na kambi, misheni ikatoa shule. Kwa sababu ya ndevu zake ndefu na ukuu wake, watu wengi mjini waliamini kwamba ni ndugu au mtoto wa Leopold II. Uvumi huo haukuwa na ushahidi, lakini unaonyesha jinsi wenyeji walivyouona utawala: kwao ilikuwa jamaa moja yenye matawi mengi.

Kutoka Rhodes hadi Luapula

Si wazungu wote walikuwa Wabelgiji, wala wote hawakuwa matajiri. Wayahudi wa Rhodes walianza kuja mwanzoni mwa karne ya 20, wakikimbia umaskini wa kisiwa chao. Wengi walianza na duka dogo, wakiuza vitambaa, chumvi na vyombo kwa wafanyakazi weusi ambao maduka makubwa ya katikati ya mji hayakuwahitaji. Sinagogi lao lilijengwa mwaka wa 1930 na bado limesimama Lubumbashi. Rabi Moïse Levy alifika mwaka wa 1937 na akawahudumia hadi 1991.

Waliobaki kisiwani walipatwa na balaa. Julai 1944, Wajerumani waliwakamata Wayahudi zaidi ya 1,600 wa Rhodes na kuwapeleka Auschwitz. Walionusurika walikuwa karibu 150 tu, na baadhi yao walikuja Kongo kuungana na ndugu zao. Jamaa hizo ziliiona Katanga kama mahali pa kupumua, ingawa kwa mchimbaji wa kambini ilikuwa mahali pa amri na kiboko.

Kasenga, kwenye mto Luapula, wafanyabiashara Wagiriki walijenga biashara ya samaki. Walileta mashua, nyavu na barafu, na malori yao yakawa yanalisha Elisabethville na kambi za migodi. Uvuvi ulizidi kipimo. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto kwa makundi makubwa wakati wa mvua, alikuwa ameanza kupotea ilipofika mwisho wa miaka ya 1940.

Nissim Soriano naye aliingia katika biashara hiyo ya samaki, upande wa ziwa Mweru. Mwanawe Moïse alizaliwa Kashobwe mwaka wa 1964 na mama Mwafrika. Jamaa ya namna hiyo si ya pekee katika bonde la Luapula. Tofauti ni kwamba hii moja ilifika kwenye karatasi ya kura.

Jamaa mbili za malori

Majina mawili yanaonyesha jinsi mali ilivyopita njia tofauti. Malta Forrest, mwenye asili ya New Zealand, alianzisha kampuni yake mwaka wa 1922. Mwanawe George Arthur Forrest alizaliwa Elisabethville mwaka wa 1940 na akaifanya kuwa kundi kubwa la ujenzi, madini na nishati. Jina hilo limepita ukoloni, kujitenga kwa Katanga, Mobutu na akina Kabila.

Wakati Forrest baba alikuwa akijenga barabara, Mlunda mmoja alikuwa naye akinunua malori. Joseph Kapend Tshombe alikuwa kati ya Wakongomani wachache sana walioruhusiwa na hali ya wakati ule kuwa matajiri: maduka, magari, biashara ya mazao. Alifariki mwaka wa 1951. Mwanawe Moïse, aliyezaliwa Musumba mwaka wa 1919, alirithi biashara na ikamfilisika. Aliingia siasa, na tarehe 11 Julai 1960 akatangaza kujitenga kwa Katanga, kulikodumu hadi Januari 1963. Alifia kifungoni Algeria mwaka wa 1969.

Moïse Tshombe aliungana na makampuni na wakoloni weupe waliokuwa wakiogopa serikali ya Lumumba. Jambo hilo bado linagawanya jamaa nyingi za Katanga. Lakini linathibitisha kitu kimoja: historia ya wazungu wa jimbo hili na ya wenyeji haiwezi kuandikwa katika vitabu viwili.

Waliopika na waliochimba

Nani basi aliandika habari za mabwana hawa kutoka upande wa jikoni? Jibu lipo, na limeandikwa kwa Kiswahili. Mwaka wa 1965 André Yav alikusanya kumbukumbu za chama cha maboyi wa zamani, wale waliokuwa wapishi na watumishi wa nyumba za wazungu, akatoa kijitabu kiitwacho Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mtaalamu Johannes Fabian alikichapisha upya mwaka wa 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Kijitabu hicho ni kati ya historia chache za mji wa kikoloni zilizotungwa na watumishi wenyewe, kwa lugha yao. Boyi alijua mambo ambayo gavana hakuyajua. Aliishi boyeri, nyuma ya uwanja wa bwana. Alimsikia akigombana na madame, na alijua nani analipa na nani anakata mshahara.

Wachimbaji nao walikuja kutoka mbali: Kasai, Lomami, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière iliwaruhusu kukaa na wake na watoto, ili wasirudi makwao kila mara. Hapo ndipo jamaa nyingi za Lubumbashi za leo zilipoanzia, kwa nyumba ya kampuni na posho ya kila juma. Wengine walikaa mtaa wa Albert, unaoitwa leo Kamalondo.

Desemba 1941, vita vikiwa vimepandisha bei, wafanyakazi weusi waligoma wakidai mshahara. Tarehe 9, askari waliwafyatulia risasi kwenye uwanja wa mpira. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, aliuawa pamoja na makumi ya wengine. Hesabu ya serikali na ile ya mashahidi hazijawahi kukutana. Miezi michache kabla, wafanyakazi weupe walikuwa wameunda chama chao cha kudai haki, na hakuna aliyewapiga risasi.

Watoto wasio na jina la baba

Kuna kundi moja zaidi ambalo halionekani katika picha rasmi: watoto waliozaliwa na baba mzungu na mama Mkongomani. Kotekote katika koloni, serikali iliwachukua wengi wao kwa nguvu na kuwaweka kwenye misheni, mbali na mama zao. Wengi hawakupewa jina la baba, na baadhi walibadilishiwa hata lile walilokuwa nalo.

Tarehe 4 Aprili 2019, waziri mkuu wa Ubelgiji Charles Michel aliomba msamaha bungeni. Tarehe 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Bruxelles iliamua kwamba kunyakuliwa kwa wanawake watano, waliopelekwa misheni ya Katende, Kasai, wakiwa wadogo chini ya miaka saba, kulikuwa uhalifu dhidi ya binadamu. Kila mmoja alipewa fidia ya euro 50,000. Uamuzi huo unahusu watano tu, lakini wengine bado wanatafuta karatasi zao kwenye maktaba za serikali na za misheni.

Hapo mjadala wa baba na mama unapata uzito mwingine. Dola moja iliwanyima watoto hawa jina la baba kwa sababu mama alikuwa Mwafrika. Sasa kuna wanaotaka dola nyingine iwanyime wana wao haki kwa sababu babu alikuwa mzungu.

Karatasi zilizo chini ya vitanda

Kazi ya kukusanya imeanza zamani. Tangu mwaka wa 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioongozwa na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, umekusanya maneno ya wazee, nyimbo na vitu vya nyumbani, na kuvionyesha katika makumbusho ya mji. Lakini aliyeanza kazi kambini mwaka wa 1955 akiwa na miaka 20 leo amepita 90. Wengi wamekwisha kwenda.

Katika nyumba nyingi za Kenya, Katuba na Ruashi, bado kuna sanduku lenye kitabu cha kazi cha babu, kadi ya ubatizo, au picha ya madame na boyi wake iliyofifia. Kabla ya kulitupa wakati wa kupaka rangi nyumba, mjukuu angemwita mzee yeyote aliyebaki, amuulize majina ya walio kwenye picha, na ayaandike nyuma yake kwa kalamu.